Risasi za kumimina, manati, na mashoka ya Kariandusi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Najua wengine wenu mnasubiri sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata, itakuja. Leo nataka kuandika juu ya kitu ambacho sikutarajia kukiandika hapa: jinsi ya kupima risasi za kuwindia zilizotengenezwa nyumbani. Usipige simu polisi. Soma kwanza.

Tuanze na neno lenyewe, maana lina utamu wake. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni ile metali nzito, laini, ya kijivu iliyo ndani ya betri ya gari. Tumelitoa kwa Waarabu, ambao nao hulitumia hivyo hivyo. Kwa hiyo ukimwambia mtu "mtoto ameyeyusha risasi jikoni" anaweza kuelewa mambo mawili tofauti, na kwa bahati mbaya katika kisa hiki yote mawili yalikuwa sahihi.

Ninaye mwenzangu wa kazi anayeishi Montana, Marekani. Tunaandika programu moja, yeye huko mimi Nairobi, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Yeye ni mwindaji wa kulungu, na risasi za bunduki yake anazimimina mwenyewe. Anayeyusha risasi chakavu, anachanganya na bati na antimoni ili iwe ngumu kidogo, anaimimina kwenye kalibu, halafu anapima moja moja kwenye mizani na kutupa zile zilizozidi au kupungua. Kisha anakwenda kiwanjani na kuzipiga kwenye marundo ya magazeti yaliyoloweshwa maji, aone zimeingia kiasi gani na kichwa chake kimetanuka vipi. Matokeo yote anayaweka kwenye jedwali. Amenitumia majedwali hayo mara nyingi, na nakiri ni kazi safi. Ukiondoa bunduki, huyo ni mhandisi anayejaribu bidhaa yake kabla ya kuitoa.

Mimi nilikuwa nayasoma kama mtu anayesoma mapishi ya samaki ambaye hauzwi kwenye soko lake. Hapa Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haina mzaha: ukitengeneza risasi bila leseni, mambo yako yanaishia mahakamani. Jambo la kumimina risasi lilikuwa la Montana. Halikuwa la Gilgil.

Mpaka mpwa wangu aliponipigia simu.

Ana miaka 14, yuko gredi ya 8, na likizo alikuwa kwa shosho yake Gilgil. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Anko, nimetengeneza risasi kumi na moja. Za manati. Wewe ni mtu wa kompyuta, nataka programu ya kuzipima. Nataka kujua kama zinaweza kuangusha kanga."

Manati, kwa wasomaji wa mbali, ni ile panda ya mti yenye mipira ya tyubu, watoto wa huku huiita feya. Kanga ni ndege, si nguo.

Nikamuuliza hizo risasi amezitoa wapi. Akaeleza bila wasiwasi wowote. Aliona video kwenye intaneti, akaenda gereji ya jua kali akapewa sahani za betri kuukuu, akaziweka kwenye sufuria juu ya jiko la shosho, akamimina kwenye vishimo alivyovichonga kwenye udongo. Kumi na moja zilitoka mviringo. Nyingine zilitoka kama maharage.

Jumamosi asubuhi nilikuwa barabarani kabla ya saa kumi na mbili.

Ngoja nieleze kwa nini niliwahi, maana kuna wazazi wanasoma hapa. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi. Jiko la makaa linafika huko bila taabu. Ndiyo maana inavutia watoto: ni metali inayokubali kugeuka maji mbele ya macho yako jikoni. Lakini vumbi lake na moshi wake vinaingia mwilini na kukaa, hasa kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hunyonya mara nne hadi tano ya kile anachonyonya mtu mzima kwa kumeza kiasi kile kile. Kinachoharibika ni ubongo, na haurudi. Na sahani za betri zina asidi na metali nyingine juu ya hiyo.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu, wakaazi wakaugua, watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aligeuka kuwa mpiganaji wao baada ya mtoto wake mwenyewe kukutwa na sumu hiyo, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda, ikaanguka katika Mahakama ya Rufaa, ikapanda tena hadi Mahakama ya Juu ambayo mwaka 2024 iliwapa wakaazi haki. Hiyo ni betri. Kitu kile kile kilichokuwa kwenye sufuria ya shosho.

Nilipofika, mambo ya kwanza hayakuwa ya kompyuta. Sufuria ile ilifungwa kwenye mfuko, jikoni tukapangusa kwa vitambaa vilivyoloweshwa (usifagie, kufagia kunarusha vumbi), majivu yakatolewa. Dada yangu naye alifika kutoka Nakuru. Jumatatu yake alimpeleka kijana na shosho wakatolewa damu, ikatumwa Nairobi. Majibu yalichukua siku tisa. Yote mawili yalikuwa chini ya 5, yaani mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ukikifikia lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mara moja tu jikoni, mlango ukiwa wazi. Sitaki kufikiria angekuwa ameanzisha biashara.

Lakini hizo siku tisa hatukuzijua bado Jumamosi ile. Nilikuwa na kijana amekaa juu ya ndoo, ameinamisha kichwa, anasubiri kugombezwa. Shosho alikuwa amekwisha mgombeza kwa lugha mbili. Sikuona faida ya kuongeza ya tatu. Tena, tuseme ukweli, swali lake lilikuwa zuri. Alitengeneza kitu, na badala ya kujisifu tu alitaka kukipima. Ninao watu wazima kazini ambao hawajafika hapo.

Nikamwambia: tutapima. Lakini gololi zisiwe na risasi ndani yake, na shabaha isiwe na damu ndani yake. Akakubali haraka mno, nadhani alitarajia mabaya zaidi.

Haya, sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwa nini watu hupenda risasi kuliko jiwe? Uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3. Jiwe la volkano la huku kwetu lina kama gramu 2.7, udongo uliokaushwa kama 1.8. Gololi ya risasi yenye kipenyo cha milimita 10 ina uzito wa karibu gramu 6. Ukitaka gramu 6 hizo hizo kwa udongo, gololi inakuwa na kipenyo cha milimita 18 na nusu. Uso wake unaokutana na hewa ni mara 3.4. Hewa inaishika na kuipunguza kasi. Ndiyo siri yote, hakuna uchawi.

Tukatengeneza gololi za udongo. Kijana alijua mahali pa kuuchota, karibu na mto, udongo wa kijivu usio na mchanga. Hapa nilimwachia, maana alinishinda. Aligundua mwenyewe kwamba ukitaka gramu 6 baada ya kukauka lazima uanze na 7.5 ukiwa mbichi. Tulizikausha juani, usiku shosho akazizika kwenye majivu ya moto, asubuhi zilikuwa ngumu kama matofali. Tulikuwa na mizani ndogo ya mfukoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Zilizotofautiana zilitupwa. Tukabaki na 24 nzuri. Kundi la pili lilikuwa kokoto za barabarani, jinsi zilivyo, kama mtoto yeyote anavyookota akiwa njiani.

Alijaribu pia ule udongo mweupe wa huku, diatomaiti. Mwepesi kama mkate mkavu. Uliruka mita chache ukageuka unga. Tukacheka, tukaendelea.

Kasi tungeipimaje? Wengi wanafikiria kamera. Simu yangu inapiga picha 240 kwa sekunde, lakini gololi inayokwenda mita 40 kwa sekunde inasogea karibu sentimita 17 kati ya picha na picha, na inaonekana kama mstari wa ukungu. Kuna njia rahisi zaidi: sauti. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye bati, simu ikiwa kando yako inarekodi, utasikia "tap" ya mpira unapoachia na "pang" ya bati. Simu inachukua sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, kwa hiyo muda kati ya milio miwili unausoma kwa usahihi kuliko saa yoyote mliyo nayo nyumbani.

Kitu kimoja tu cha kuangalia: ile "pang" haifiki kwako papo hapo. Sauti nayo inasafiri, mita 343 kwa sekunde kukiwa na nyuzi 20. Kurudi mita 10 kunaichukua sekunde 0.029. Unaitoa. Ukisoma 0.264, safari ya gololi yenyewe ni 0.235, yaani wastani wa mita 42.5 kwa sekunde. Programu nzima inasoma faili la sauti, inatafuta vilele viwili, inatoa, inagawanya. Mistari 38 ya Python, pamoja na maelezo.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa programu analijua lakini mtoto wa miaka 14 hawezi kulijua: mpangilio wa majaribio. Yeye alitaka kupiga udongo wote kwanza, kisha kokoto. Nikakataa. Mipira ya tyubu inachoka. Mkono unachoka. Jua linapanda na mpira unalegea. Ukipiga kokoto mwishoni, utasema kokoto ni mbovu kumbe ni mkono wako. Nikaandika orodha iliyochanganywa kwa nasibu, udongo, kokoto, kokoto, udongo, nikampa shosho awe anaisoma kwa sauti akiwa amekaa kwenye kiti chake. Aliichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko sisi sote. Kijana akijaribu kuruka zamu anamwambia, "Rudi. Karatasi imesema kokoto."

Mapigo 20 ya kila aina, mita 10, shabaha ni mfuniko wa mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia tuliouchora kwenye bati. Udongo: kasi zilikuwa kati ya 41 na 44, na ndani ya mfuniko zikaingia 14. Kokoto: kasi kati ya 33 na 49, na ndani ya mfuniko zikaingia 6.

Tazama hizo za kokoto. Iliyo kasi kuliko zote ilikuwa kokoto! Ndogo, nyepesi, 49. Kijana alirukaruka. Lakini huwezi kulenga na kitu ambacho mara hii kinakwenda 49 na mara ijayo 33, kwa sababu mkono wako hauna habari ni ipi inakuja. Mwenzangu wa Montana anatupa risasi zenye uzito uliopishana kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwandikia jioni ile nikamtumia jedwali letu. Akajibu kwamba ni mara yake ya kwanza kuona udongo kwenye jedwali la namna hiyo, na akauliza shosho analipwa kiasi gani.

Na zile kumi na moja za risasi? Kijana aliomba tupige moja tu. Hapana. Lakini hatukuhitaji kuzipiga, na hili ndilo lililomfurahisha zaidi: unaweza kuziuliza hesabu. Gilgil iko juu, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 20 kuliko Mombasa, tukaliingiza hilo. Zote mbili zikianza na mita 45 kwa sekunde, baada ya mita 20 gololi ya udongo imebaki na 36 hivi, ya risasi bado ina 42. Kwa mita 10 tofauti ni kama 40 na 43 na nusu. Kwa hiyo risasi ni bora kweli, lakini kwa umbali ambao mtoto anaweza kulenga, ubora wenyewe ni mdogo. Ameweka ubongo wake rehani kwa mita tatu na nusu kwa sekunde. Nilimwonyesha namba, sikusema neno. Alizitazama muda mrefu.

Halafu akauliza swali lake la mwanzo. "Sawa. Lakini zinaangusha kanga?"

Jumapili mchana, badala ya kumjibu, nilimpeleka Kariandusi.

Kama hujawahi kufika, aibu kidogo, maana ni pale pale kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, ziwa Elmenteita likiwa mbele yako. Pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Msafara wa Louis Leakey ulipagundua mwishoni mwa miaka ya 1920. Kando kuna mgodi wa ile diatomaiti nyeupe, ambayo ni magamba ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kuzama chini ya ziwa lililokuwa kubwa kuliko haya tuliyo nayo. Ndani ya mashimo yaliyoezekwa mashoka ya mkono yameachwa pale pale yalipochimbuliwa. Mashoka hayana mpini. Ni jiwe lililochongwa pande mbili likawa na umbo la tone la maji, lenye makali kuzunguka. Umri wake ni karibu miaka milioni moja. Mengi ni ya mawe ya lava, na mengine ni ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho kipande chake kipya kinakata kuliko wembe.

(Msiguse na msibebe kitu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahusika, na hata isingehusika.)

Kijana aliinama juu ya kamba akatazama. Halafu akauliza kile ambacho nadhani kila mvulana wa umri wake anauliza. "Walikuwa wanayarusha?"

Basi ndio nikamsimulia kisa cha Eileen O'Brien, ambacho ndicho kilichonifanya nimlete.

Mwaka 1981 mtafiti huyo Mmarekani alichapisha jaribio katika jarida la Current Anthropology. Alishangazwa na hayo mashoka: kama ni kisu, kwa nini yana makali hadi pale unapoyashika? Akawaza, labda hayashikwi, labda yanarushwa. Alichukua umbo la shoka moja kubwa kutoka Olorgesailie, ile sehemu nyingine ya Kenya iliyoko barabara ya Magadi, akatengeneza nakala yake kwa nyuzi za kioo na gundi, uzito ukiwa karibu kilo mbili kama lile la asili. Akawapa wanamichezo wa chuo kikuu wanaojua kurusha kisahani. Walirusha mara 45. Wastani ulikuwa kama mita 30. Na ajabu ni hii: mara 42 kati ya hizo 45 shoka lilitua kwa makali. Linaruka bapa likizunguka, na likianza kushuka linajigeuza lenyewe na kuchoma ardhi.

Baadaye mtafiti William Calvin aliichukua hoja hiyo akaipamba: kundi la wanyama limekuja kunywa maji ziwani, mwindaji anarusha shoka katikati yao bila kulenga yeyote, mmoja anaanguka. Ni picha inayovutia. Ukisimama Kariandusi ukatazama Elmenteita, unaiona kabisa.

Kijana alikuwa ameacha mdomo wazi. Nikamwambia subiri. Mwaka 2001 John Whittaker na Grant McCall waliandika katika jarida lile lile kwamba hadithi hiyo haielekei kuwa kweli. Kurusha kitu chenye makali pande zote kunaumiza kiganja, kulenga ni kugumu, na kazi ya kuchuna na kukata nyama inatosha kueleza umbo lile. Peter Jones alikuwa amekwisha kujaribu jambo hilo kule Olduvai, akachapisha mwaka 1980: alichonga zana za mawe mwenyewe, akachuna na kukatakata mizoga kwa mikono yake. Shoka la mkono linafanya kazi ya buchari vizuri kabisa.

Kisha kuna mawe ya mviringo. Leakey aliyaona kama silaha, mawe yanayofungwa kwa kamba za ngozi na kurushwa miguuni pa mnyama yamnase, kama wanavyofanya wachungaji wa Amerika Kusini. Baadaye Kathy Schick na Nicholas Toth walikaa wakachonga mawe kwa kutumia nyundo za mawe ya kwatzi, saa nyingi, na zile nyundo zikawa mviringo zenyewe. Hakuna aliyezikusudia ziwe gololi. Zilikuwa mviringo kwa kuchoka.

"Kwa hiyo yule mama alikosea?" kijana akauliza.

Nikasema sivyo navyoona mimi. Jaribio lake ni zuri, namba zake zipo, mtu yeyote anaweza kurudia. Shoka linaruka mita 30 na kutua kwa makali. Hilo limethibitika.

Akafikiria. "Lakini kwenye hilo jaribio, mnyama alikuwa wapi?"

Wadau, mimi kazi yangu ni programu. Nimekaa kwenye mikutano mingi ambapo majaribio yote yamepita, taa zote ni kijani, na hakuna aliyeuliza mteja yuko wapi. Kijana huyu aliuliza akiwa amesimama juu ya shimo la miaka milioni moja, mkononi ana soda.

Tukarudi kwenye swali la kanga tukiwa tumekaa pale nje. Nini kingehitajika ili tuseme "ndiyo, inafaa kuwinda"? Mfuniko wetu ulikuwa umetulia, kanga hatulii. Tulipiga mita 10 kwa kujua ni 10, porini unakisia. Tuliingiza 14 kati ya 20, na ile sita iliyobaki haikwenda mbali, ilipita sentimita chache pembeni. Kwenye bati hizo sita ni alama ya kukosa. Kwenye ndege ni bawa lililovunjika. Gololi yetu inafika na nishati ya jouli tano hivi. Bunduki ya kulungu ya mwenzangu inatoa zaidi ya 2,000. Jouli tano zinatosha kumuumiza kanga na hazina uhakika wa kumuua. Atakimbilia kichakani akafe baada ya siku tatu, na wewe hutampata, na kwenye jedwali lako utaandika "hakuanguka".

Jaribio pekee lililobaki ni lile lenye mnyama. Hilo hatulifanyi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inalikataza, na mimi nalikataza kwanza. Watafiti wenyewe wana njia za kulizunguka. Mwaka 2019 Annemieke Milks na wenzake wa London waliwapa warusha mkuki wenye mafunzo nakala za mikuki ya kale ya mbao iliyopatikana Schöningen, Ujerumani, wakaona inaweza kugonga shabaha hadi mita 20. Shabaha ilikuwa ya nyasi kavu. Wao hawakupima umbali tu, walipima kugonga. Kijana aliliona hilo upesi kuliko nilivyotarajia. "Hao wameweka mnyama," akasema. "Wa nyasi, lakini wameweka."

Nikamuuliza basi yetu tungeiboreshaje. Akataka shabaha inayotembea: mfuniko unaoning'inia kwa kamba ndefu, ukibembea, na mpigaji asiambiwe umbali. Akataka pia shosho aendelee na karatasi. Nadhani mapigo 14 yatashuka hadi 4 au 5, na yeye anasema 8. Tumewekeana dau la chapati.

Zile gololi kumi na moja nilizihesabu kabla ya kuondoka zikawa kumi. Ya kumi na moja ilipatikana kwenye mfuko wa kaptura ya shule, baada ya mazungumzo mafupi na mama yake. Zote zimefungwa kwenye chupa yenye mfuniko, na zimekwenda kwa muuza betri anayepokea chakavu, pamoja na sufuria.

Programu ya kupima kasi kwa sauti nitamtumia yeyote atakayeniandikia, ni ya bure na mnaruhusiwa kuibadilisha. Inahitaji faili la WAV, na bati. Kama kuna mwalimu wa fizikia anayetaka kuitumia darasani, aniambie: kuna toleo linalofanya kazi kwa mpira wa miguu na ukuta, halihitaji manati. Matokeo ya mfuniko unaobembea nitayaweka hapa likizo ya Agosti.